Bunge liulize fedha zilifika lini, na kiasi gani

Mmeuliza wiki hii: Bunge hupitisha fedha za shule za umma kila mwaka, litajuaje kwamba zimewafikia wanafunzi? Kwanza liache kuridhika na taarifa kwamba fungu limetumika lote. Fedha zikishatoka hazina huweza kuandikwa kuwa zimetumika, kumbe zimelala kwenye akaunti ya wilaya hadi muhula umekwisha.

Kamati ya hesabu ichague shule chache bila kuzitangaza mapema, na kwa kila moja idai karatasi nne: hati ya malipo ya hazina, taarifa ya benki ya shule, daftari la mahudhurio, na daftari la mapato na matumizi. Ziwekwe mezani pamoja. Tuseme wizara imelipia wanafunzi 480, na daftari la mahudhurio lina majina 412. Hao 68 huenda ni wanafunzi hewa, huenda walihama wasifutwe. Ruzuku yao imelipwa na lazima mtu aeleze iliko. Kisha zitazamwe tarehe. Fedha za wiki ya kwanza zikiingia wiki ya mwisho, mwalimu mkuu ameshakopa chaki na karatasi dukani kwa bei ya juu, na stakabadhi zote zitakuwa za siku moja. Mkaguzi atamshuku yeye, ilhali kosa lilianzia juu.

Uganda ilipofuatilia njia ya fedha kutoka hazina hadi shuleni, iligundulika kuwa kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku yao ya uendeshaji. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Yalikuwapo mageuzi mengine pia, lakini mzazi asiyejua kilichotumwa atauliza nini?

Panaponiuma zaidi ni baada ya ripoti ya ukaguzi. Mara nyingi hoja hufika kamatini mhasibu ameshahamishwa, nyaraka hazionekani, na aliyeitwa anajibu kwamba ameripoti kazini majuzi. Agizo la "wizara iimarishe usimamizi" halimbani mtu. Liandikwe hivi: ofisa masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za wizara, alete, ndani ya siku 60, taarifa ya benki inayoonyesha fedha zimerudishwa. Na orodha ya maagizo yasiyotekelezwa isomwe mwanzoni mwa kikao cha bajeti, kabla wizara haijaomba hata senti.