Koi na kuhama nyumba wakati wa baridi

Ndugu, kwa kuwa unahama Januari hapo Uingereza na nyumba mpya haina bwawa, koi wako sita wadogo (samaki wa mapambo wa bwawani) watavumilia tangi la lita 1,000 kwenye gereji isiyo na hita. Usiwaweke sebuleni: maji yakipata joto wataanza kudai chakula, na amonia, sumu itokanayo na uchafu wao, itapanda kabla bakteria wa chujio wanaoiondoa hawajaamka. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, usilishe kabisa.

Nusu ya maji ya tangi yatoke bwawa la zamani. Ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini. Sponji za chujio zisafiri zikiwa zimelowa, wala usizioshe. Pampu ya hewa isizimwe. Wavu wa kufunika tangi ufunge kwa kamba, maana koi mgeni huruka, asubuhi ukamkuta sakafuni. Amonia ikionekana kwenye kipimo, badilisha asilimia 20 ya maji, kwa joto lilelile.