Nimepimwa praktiko wakaniita ektomofi, je nitakua tena?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nasoma fiziotherapia mwaka wa pili, mwanaume, miaka 21. Juzi kwenye praktiko tulipimana miili, urefu, uzito, na ile kalipa ya kubana ngozi, nikatoka kilo 54 kwa sentimita 174, wakasema mimi ektomofi, yaani mwenye umbo jembamba, basi hapo ndo utani ukaanza, eti mgonjwa ndo atanibeba mimi. Mwili wangu bado unakua au ndo basi? Na hii kazi nitaiweza kweli au nihamie famasi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, famasi iache kwanza.

Hilo jina la ektomofi lilianza na Mmarekani William Sheldon mwaka 1940, alichukua maelfu ya picha za wanafunzi wa kiume wa vyuo akawaangalia maumbo, akasema kuna wembamba, kuna wenye misuli, kuna wanene, na akaamini umbo lako halibadiliki maisha yako yote, tena akalihusisha na tabia, ukiwa mwembamba basi we mtu wa aibu aibu. Hiyo ya tabia ilishatupwa siku nyingi. Mwaka 1967 wakaja watafiti Heath na Carter wakageuza mambo, wao wanapima kwa vipimo, na kila mtu anapata namba tatu, ya unene, ya misuli na ya wembamba, na hizo namba zinaelezea ulivyo leo, mwakani zinaweza kuwa zingine. Kwahiyo aliyekwambia "we ektomofi" akaishia hapo kakupa theluthi moja ya jibu, mrudie umdai namba zako zote tatu. Halafu wanafunzi kwa wanafunzi kupimana, mmh. Nyuma ya mkono wa juu kalipa inabana katikati kabisa kati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, ukipanda au kushuka kidogo tu namba inabadilika, na inatakiwa urudie zaidi ya mara moja. Wangapi mlirudia?

Kuhusu kukua. Urefu kwa miaka 21 hesabu umeisha, zile gegedu za ukuaji kwenye mifupa mirefu zimeshaziba. Mtulinga, ule mfupa unaotoka bega mpaka kifuani, upande wa kifuani ndo huwa wa mwisho kuziba, huo unaweza kwenda mpaka katikati ya miaka ya ishirini na zaidi, ila haukuongezei hata nusu sentimita ya kimo. Lakini mifupa kujaza madini bado, hiyo inaendelea mpaka karibu na miaka 30, na unachokosa kuweka sasa hivi hutakipata kirahisi baadaye. Misuli ndo kabisa haina umri, ukiifanyisha kazi inajibu.

Sasa nisikufiche, kwa hizo namba zako BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 17.8, na mstari wa chini wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni 18.5. Kama umekuwa hivyo toka sekondari, unakula, una nguvu, sio jambo la kukosesha usingizi. Kama ulikuwa mnene kidogo ukapungua mwaka huu bila kujua sababu, au una homa za jioni, au kikohozi hakiishi, au unaharisha mara kwa mara, nenda kapimwe kama mgonjwa mwingine yeyote, usijitibu kwa notisi za darasani, nyie watu wa afya mna hiyo tabia.

Ukitaka kujenga mwili, mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, uzito upande kidogo kidogo, na protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwako ni kama gramu 86 kwa siku. Na ule zaidi ya unachotumia, hapo ndo wengi wanafeli, mtu anakaa maktaba mpaka usiku wa manane, asubuhi anakimbilia lekcha tumbo tupu, halafu anashangaa jimu haimsaidii.

Kazi utaiweza. Mgonjwa habebwi kwa kifua. Unapandisha kitanda kifike usawa wako, unatumia shuka la kuteleza au mashine ya kunyanyulia, unaita mwenzio. Hao wenye mabega wanaokucheka ndo wanajiamini wananyanyua peke yao, na wengi wanaishia na migongo mibovu mapema tu.

SWALI: Hi dokta, niko uuguzi mwaka wa tatu, mashine ya chuo ya kupima mafuta ya mwili asubuhi inasema asilimia 29 jioni inasema nyingine kabisa. Niamini ipi?

JIBU: Ile mashine haioni mafuta dada, inapitisha umeme mdogo mwilini halafu inakisia kutokana na maji uliyonayo, kwahiyo ukiwa umekunywa maji mengi, umetoka jasho au umetoka kula inakupa jibu lingine. Pima saa ileile, asubuhi kabla hujala, umeshaenda chooni, na uangalie inavyokwenda mwezi hadi mwezi, namba ya siku moja achana nayo. Au chukua tepu upime kiuno, kikiwa chini ya nusu ya urefu wako uko vizuri, na tepu haihitaji chaji.