Maswali na Majibu: Bafa ya Saa Kwenye Njia za SPI

Fundi, nina mikrokontrola moja na sensa nane za SPI (njia ya mawasiliano kati ya chipu). SCK, yaani waya wa saa, ikifika kwenye sensa za mwisho inakuwa imechakaa. Naweza kuweka chipu ya bafa ya saa, ile ya kugawa mapigo ya kristali?

Weka tu. CDCLVC1108 ya Texas Instruments, kwa mfano, ina mlango mmoja wa kuingia na minane ya kutoka, na milango hiyo haipishani zaidi ya pikosekunde 50. Chipu yenyewe haijui kama kinachopita ni saa au data. Inajua juu na chini basi. Pitisha SCK kwenye chipu moja na MOSI (data ya kwenda kwenye sensa) kwenye nyingine ya aina hiyohiyo, zichelewe pamoja.

Tatizo huwa kwenye kingo, pale volti inapopanda au kushuka. Bafa hizi hupandisha volti kwa kasi kali, hata SCK yako ikiwa ya megahezi 1 tu. Waya mrefu ukipigwa hivyo hurudisha mwangwi, na sensa huhesabu mpigo mmoja kama miwili. Funga rezista ya omu 22 au 33 kwenye kila mlango wa kutoka, jirani kabisa na mguu wa bafa, si huko kwenye sensa. Ukipima kwa osiloskopu, graundi ya probu iwe fupi. Ule waya mrefu wenye klipu huonyesha mawimbi ambayo kwenye bodi hayapo.

MISO, data inayorudi kutoka kwenye sensa, je, nayo ipite humo?

Hapana. Hapo sensa nane zinasema na msikilizaji ni mmoja. Isitoshe, bafa hii haiachii waya: ukiizima kwa pini ya 1G, ile ya kuwasha na kuzima, milango yake inashuka hadi sifuri na kubaki hapo. Unganisha mbili kwenye waya mmoja uone zinavyopigana.

Tumia 74LVC125, chipu ya mageti yanayoachia waya yakizimwa, geti moja kwa kila sensa. Pini yake ya kuwasha hufanya kazi ikiwa chini, sawa na CS (waya wa kuchagua sensa), kwa hiyo CS inaingia moja kwa moja. Ila piga hesabu ya muda. Kwa megahezi 20, nusu mzunguko ni nanosekunde 25. Tuseme sensa inachukua 15 kujibu, bafa 2, geti 4: umebakiwa na 4, na mikrokontrola nayo inataka data itulie kabla ya kuisoma. Mimi ningeshuka hadi megahezi 10 nilale usingizi.

Nimepata CY2305 dukani, wanasema haicheleweshi kabisa. Si ndiyo bora?

Irudishe. Ndani ina PLL, sakiti inayojifunga kwenye mapigo ya saa, inayotaka mapigo yasiyokatika kuanzia megahezi 10 kwenda juu. SCK huja kwa mafungu, kisha kimya. Ikikosa mapigo, chipu hiyo hujizima.

Na I2C, ile njia ya waya mbili, SDA ya data na SCL ya saa?

Haifai. SDA hupita pande zote mbili, na hata SCL sensa huweza kuishikilia chini ikihitaji muda. Kama kapasitansi ya waya na sensa zote imevuka pikofaradi 400, tafuta PCA9515, bafa ya I2C. Kama sensa zako zina anwani moja, TCA9548A inakupa njia nane.

UART (mawasiliano ya siriali yasiyo na waya wa saa): TX, waya wa kutuma, moja kwenda kwenye moduli kadhaa?

Inafaa. Lakini usiguse 1G: TX hukaa juu ikiwa kimya, na ukiizima bafa, moduli zote zitaona waya uko chini na kudhani ni ishara ya kukatiza (break).