Wakala wa unesi ng'ambo: kwanza ujue nani anamlipa

Dada, nimesoma swali lako. Wakala wa Dar anataka milioni sita na nusu kwa mafungu matatu akupeleke Uingereza kuwa nesi, laki tatu ya "fomu" umeshatoa, na vyeti vyako halisi viko ofisini kwake. Unauliza ni mkweli au tapeli. Waliotangulia kukujibu wamekwambia uangalie kama ana ofisi, cheti cha BRELA na picha za watu aliokwisha kuwapeleka. Mimi ni nesi, nilianzia Saudia, sasa niko Uingereza, na nakwambia hayo yote matapeli wanayo. Ofisi inapangishwa. BRELA inasajili kampuni, hata ya kuuza matairi. Leseni ya uwakala wa ajira ni karatasi nyingine kabisa, inatoka kwa Kamishna wa Kazi. Mwombe akuonyeshe, soma jina na tarehe ya kuisha, halafu kaulize mwenyewe ofisi ya kazi au TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama wanamtambua.

Hata akiwa na leseni, mimi swali langu la kwanza huwa moja tu: huyu mtu analipwa na nani?

Wakala wangu wa Saudia alilipwa na hospitali. Nilijuaje? Kwa jinsi alivyonikaba. Alitaka barua ya matroni inayosema wodi ina vitanda vingapi, nesi mmoja anashika wagonjwa wangapi kwa zamu, mashine gani nimezitumia. Barua ya kwanza aliikataa kwa sababu haikuwa na idadi ya vitanda. Kisha nikafanyiwa usaili na msimamizi wa wauguzi wa hospitali yenyewe, kwa video, akaniuliza maswali ya dawa na ya mgonjwa aliyebadilika ghafla. Wakala wa namna hiyo akipeleka nesi mbovu, hospitali haimlipi, kwa hiyo anachuja. Anayelipwa na wewe hana cha kuchuja. Kila anayeingia mlangoni na hela anafaa. Jiulize huyo wako alikuuliza nini zaidi ya pasipoti na "utaanza na shilingi ngapi".

Simaanishi utaondoka bila kutoa senti. Nililipia DataFlow, ambao huhakiki vyeti chuoni na kwenye baraza la wauguzi, nikalipia mtihani wa Prometric, ule wa kupata leseni ya Saudia, na vipimo vya afya. Lakini kila malipo nililipa mwenyewe kwenye tovuti ya taasisi husika, kwa akaunti niliyofungua mimi, na risiti ikaja na jina langu. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza pia: pauni 140 za kutathminiwa na NMC, ambalo ndilo baraza lao la wauguzi, pauni 83 za CBT, mtihani wao wa kwenye kompyuta. Milioni sita na nusu iliyorundikwa pamoja ikaitwa "prosesi" haikuambii chochote. Mwambie aichambue: kiasi gani kinaenda NMC, kiasi gani kwenye viza, kiasi gani mfukoni kwake. Na nywila za akaunti zako usimpe, maana akizishika yeye hutajua maombi yamefika wapi, utabaki kusubiri simu yake.

Sasa Uingereza yenyewe. Serikali yao ina kanuni za maadili ya kuajiri watumishi wa afya kutoka nje, na ndani yake kuna orodha nyekundu ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi, iliyotokana na ile ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Tanzania imo. Maana yake ni kwamba mawakala na hospitali hawaruhusiwi kuja kutafuta manesi Tanzania. Isitoshe, kanuni hizohizo zinakataza kumtoza mwombaji ada ya kumtafutia kazi. Kwa hiyo anayebandika tangazo Dar kwamba "NHS inatafuta manesi, lete ada" (NHS ndiyo huduma ya afya ya serikali ya Uingereza) ameshavunja kanuni mbili kabla hujakaa kwenye kiti chake. Kenya wao wako kwenye orodha ya njano kwa sababu serikali zao zilisaini makubaliano mwaka 2021, na njia yao ni kupitia makubaliano hayo. Usidanganywe na ushuhuda wa Mkenya.

Lakini orodha hiyo haikuzuii wewe kuomba mwenyewe. Mtanzania anaruhusiwa kuomba moja kwa moja kwa mwajiri kupitia tovuti ya NHS Jobs, bure. Ndivyo nilivyofanya nikiwa bado Saudia. Siku hizi nafasi za wanaotoka nje zimepungua sana, ushindani ni mkali, na hapo ndipo mawakala wanapopatia ulaji: mlango ukibana, wao wanauza dirisha.

Barua ya ofa ikija, isome kinesi, usiishie kwenye nembo. Imetoka barua pepe gani? Hospitali za NHS zinatumia anwani zinazoishia na nhs.uk au nhs.net, ikiwa ni ya Gmail, ifute. Jina la mwajiri litafute kwenye orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini viza iliyoko gov.uk, bila kulipa chochote. Kisha ile CoS, yaani udhamini wa viza. Mwajiri ndiye anayeitoa na kuilipia, na ndani yake kuna namba ya aina ya kazi. Za unesi na ukunga zinaanza na 223. Ukiona 6135, hiyo ni kazi ya kuhudumia wazee majumbani, hata kama juu wameandika "Nurse" kwa herufi kubwa. Na hiyo 6135 ilifungwa kwa wanaoomba kutoka nje ya Uingereza tangu Julai 22, 2025. Nimefanya kazi na dada wa kutoka nchi nyingine aliyekuja kwa njia hiyo kabla haijafungwa. Kampuni yake ikanyang'anywa leseni ya udhamini, akapewa siku 60 kutafuta mwajiri mwingine. Ana diploma ya unesi, wakala wake hakuwahi hata kumtajia NMC.

Akikwambia anaweza "kukusaidia" kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, au CBT, nyanyuka. Mwaka 2023 NMC ilikataa kuyatambua matokeo ya kituo kimoja cha mtihani cha Ibadan, Nigeria, baada ya kushuku udanganyifu, na waliofanyia pale, hata wasio na hatia, wakatakiwa kurudia. Rekodi ya udanganyifu kwenye baraza moja inaweza kukufuata hata kwenye leseni yako ya nyumbani.

Kifungu cha mkataba cha kurudisha gharama ukiondoka mapema kipo hata kwa waajiri wazuri. Angalia tu kama kiasi kimetajwa na kama kinapungua kadiri unavyofanya kazi. Wa kwangu ulikuwa hivyo, sikuona shida kusaini.

Kwako sasa hivi: usiongeze hata mia. Laki tatu mdai kwa maandishi, tunza ujumbe wa muamala. Ila kinachonikosesha raha ni vyeti, kuliko hiyo hela. Nenda kesho na mtu mzima wa kwenu, usipige simu kwanza, mwambie Baraza la Uuguzi na Ukunga la Tanzania wanataka kuviona halisi kwa ajili ya uhakiki. Akianza za njoo Jumatatu, nenda polisi ukafungue jalada, na nakala ya RB peleka ofisi ya kazi. Ukishavipata, andika hapa ni chuo gani na una miaka mingapi wodini, nikuelekeze pa kuanzia NMC.