Malaria na utapiamlo kwa watoto wadogo: maswali yenu

Swali: Kila akitoka kuugua malaria, mwanangu hukonda. Ni ugonjwa au kutokula?

Ni vyote viwili. Homa humaliza nguvu, naye hali, pengine anatapika. Vimelea navyo huharibu chembe nyekundu za damu, ndiyo maana hubaki mlegevu hata homa ikiisha. Akiugua tena kabla uzito haujarudi, hudhoofika zaidi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Swali: Mtoto wa dada yangu amedhoofu sana lakini hana homa. Kwa nini nesi alimpima malaria?

Nesi alifanya vyema, na natamani kila kituo kifanye hivyo. Utapiamlo mkali hudhoofisha kinga kiasi kwamba mwili hushindwa kupandisha joto. Mtoto anaweza hata kuwa wa baridi huku ana vimelea kwenye damu. Kipimajoto pekee kisiwatulize. Zaidi ya hapo, utapiamlo mkali na malaria kali vyote hushusha sukari mwilini. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu au kupata degedege akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kinyume chake nacho husahaulika: mtoto wa miezi 6 hadi 59 akitibiwa malaria, omba apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, nao unahitaji tiba yake.

Swali: Amepauka. Nimnunulie dawa ya kuongeza damu?

Apimwe kwanza, tafadhali. Katika utafiti wa Pemba uliochapishwa mwaka 2006, watoto waliopewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Chuma bado kinahitajika, ila penye malaria nyingi Shirika la Afya Duniani linataka kiambatane na kinga na tiba ya malaria.

Swali: Akila vizuri, chandarua cha nini?

Chakula humsaidia kuhimili ugonjwa, hakimzuii mbu. Alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Swali: Dozi ya dawa mseto hufuata umri?

Hufuata uzito, kwa hiyo aliyedhoofu apimwe upya kila anapougua. Artemeta-lumefantrini, mojawapo ya dawa mseto za malaria, inywewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, ndipo mwili uifyonze vizuri. Mtoto asiyekula lolote, mwambie mhudumu kabla hujaondoka na dawa.