Jiwe la milimita 6: nifedipini au tamsulosini? Niliyopitia mimi

Mkuu umesema jiwe lako la figo la milimita 6 limekwama chini karibu na kibofu, daktari kakuandikia tamsulosini ila jirani anakwambia yeye alipona kwa nifedipini. Mi sio daktari ila zote mbili nimezimeza kwa jiwe moja, ngoja nikupe yangu.

Nilianza na nifedipini, hii hii ya presha, miligramu 30 kwa siku, eti inalegeza mrija wa kutoka figo hadi kibofu jiwe lipite. Aisee kichwa kinagonga, uso unawaka, jioni nikivua soksi miguu imevimba hadi alama imebaki. Wiki nzima jiwe lipo palepale. Daktari mwingine akanibadilishia tamsulosini miligramu 0.4, kimoja kila siku baada ya kula. Ni dawa ya wazee wa tezi dume, usishtuke ukisoma karatasi ya kwenye boksi. Shida yake ukiinuka ghafla usiku kwenda kukojoa unaona nyota, kaa kwanza kitandani. Na lile ambalo hakuna aliyenitonya, kule chumbani unafika mwisho halafu hakitoki kitu, nikajua ndo basi nimeisha, kumbe ni dawa tu inazuia shahawa zisitoke, na ukiacha dawa mambo yanakaa sawa. Silodosini, dawa ya kundi hilohilo, ndo imezidi kwa hilo.

Ila usitegemee miujiza. Kuna utafiti wa Uingereza ulitoka 2015 kwenye jarida la tiba la Lancet, watu zaidi ya 1,100, wengine tamsulosini wengine nifedipini wengine kidonge kisicho na dawa ndani, na kote kama 80% hawakuhitaji kwenda kutolewa jiwe ndani ya wiki 4. Yaani mengi hasa madogo yanashuka yenyewe tu. Tafiti nyingine zikaonyesha tamsulosini inasaidia kwa yale ya zaidi ya milimita 5 yaliyokaa chini, kama lako, ndo maana umeandikiwa. Nifedipini mi ningemwachia jirani.

Maumivu yenyewe yalitulizwa na diklofenaki sio hizo, ila kama una vidonda vya tumbo au figo mbovu usiiguse bila kuuliza. Na ukipata homa na kutetemeka, au mkojo ukakata, usisubiri kidonge, nenda hospitali usiku huohuo.

Kojolea kwenye kichujio cha chai (nunua chako mkuu, usiibe cha jikoni). Langu lilitoka siku ya 11, dogo kuliko punje ya mchele, kahawia, lina vimiba. Mama watoto kaliangaliaaa akaniuliza, ndo haka kalikokuwa kanakuliza?