Faili la Takwimu Linalokatika Njiani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nyegezi, Mwanza, na utafiti wangu unalinganisha kaya za Ukerewe na za Sengerema kwa kutumia Sensa ya 2012. Kila ninapopakua faili la sampuli ya sensa hiyo kutoka tovuti ya serikali, mtandao hukatika nami huanza upya kwa bando jingine. Mwenzangu alinipatia nakala yake, lakini nikiifungua kwa Excel siioni Mwanza kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, hakikisha kwanza kwamba unalihitaji faili lote, kwa sababu idadi ya watu kwa mkoa, wilaya na kata hupatikana katika majedwali yaliyokwisha kuchapishwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo ni mepesi zaidi kupakua. Kwa kuwa wewe unachambua kaya mojamoja, naona majedwali hayatakutosha.

Upakuaji ukikatika, usilifute faili lililofika nusu. Programu ya wget, ambayo ni ya bure, ukiiandikia amri yenye alama -c, huendelea pale ilipoishia, mradi seva ya tovuti inaruhusu na faili lile bado lipo mahali pake. Kama ni lazima uingie kwa nywila, tumia kitufe cha kuendelea kilichomo ndani ya kivinjari chako. Na ukilibeba faili kwa flashi, kumbuka kwamba flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4, hata ikiwa na nafasi tele.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hilo la Excel, kwa kuwa bando lililopotea mtu huliona, ilhali mistari iliyopotea haionekani. Excel hubeba mistari 1,048,576 tu kwa ukurasa mmoja. Inayozidi huachwa, na tahadhari inayotolewa ni fupi, rahisi kupuuzwa. Takwimu zetu kwa kawaida hupangwa kwa namba za mikoa, kuanzia Dodoma yenye 01, na Kagera ni 18, Mwanza 19, Mara 20, Simiyu 24 na Geita 25. Kwa hiyo faili lenye mamilioni ya mistari likikatwa, Kanda ya Ziwa huwa miongoni mwa zinazotoweka, na wastani utakaoukokotoa utaonekana wa nchi nzima wakati ni wa mikoa michache ya mwanzo.

Lifungue kwa programu ya R, ambayo nayo ni ya bure, uchuje mkoa wa 19 peke yake, kisha uhifadhi sehemu hiyo ndogo kwa kazi za kila siku. Halafu jumlisha watu wa Mwanza kwa kutumia safu ya uzani, yaani ile inayoonyesha kila mtu wa sampuli anawakilisha watu wangapi: sensa ile ilihesabu watu 2,772,509 mkoani humo, na jumla yako ikiwa mbali na hiyo, usianze uchambuzi wa Ukerewe wala Sengerema mpaka umepata nakala kamili.